Tundu Moja Chini ya Boneti

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya serikali hapa Dodoma, Mkuu wa Karakana hakuniuliza cheti changu cha umeme wa magari. Alinionyesha drili iliyofungiwa kabatini.

"Binti, humu tunafungua na tunafunga. Hatutoboi. Bodi ya gari la serikali haitobolewi bila kibali cha Dar es Salaam."

Nikamwuliza kwa nini. Akasema nimeanza vibaya.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yalijaa vitu tusivyowahi kuviona, na serikali nayo ilikuwa inapunguza wafanyakazi, kwa hiyo kila mmoja wetu aliogopa kuwapa wakubwa sababu. Ndipo Landrova ya chanjo ikaletewa kompresa ndogo ya umeme ya kujazia upepo tairi njiani. Njia ya Kibakwe ina miiba na mawe, na dereva, Bwana Chilewa, alichoka kukanyaga pampu ya mguu huku barafu ya chanjo ikiyeyuka.

Kidude kile kilininyima utulivu. Nilikizungusha, nikakinusa, nikatafuta kinavutia hewa wapi. Chujio lake nililiweka juu, mbali na vumbi na maji ya makorongo. Kwa kuwa kinakula umeme mwingi, kuupitisha moja kwa moja kwenye swichi ya dashibodi kungeiunguza. Nikavuta waya mnene kutoka betri, fyuzi ikakaa karibu na betri ili waya ukichubuka gari lisiwake moto. Kisha nikafunga rilei, ambayo huamriwa na umeme mdogo ipitishe mkubwa. Kidole cha dereva kinagusa njia ya ule mdogo tu.

Umeme ulinitii, shida ikawa kukishikiza. Nilikibana kwenye bolti zilizokuwepo, Chilewa akaenda nacho Mpwapwa, kikarudi kinaning'inia kwa waya wake.

"Dada, kimecheza ngoma njia nzima," alisema.

Palihitajika tundu la bolti kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Safari ya Kibakwe ilikuwa kesho yake, kibali kingechukua miezi, na mimi nilikuwa mgeni kuliko wote, rahisi kupunguzwa. Niliogopa, nikamweleza Mkuu.

Aliinama akatazama. "Upande wa pili kuna nini?"

"Nimeshapapasa, Mzee. Hakuna waya."

Akafungua kabati, akatoa drili.

"Niachie mimi, Mzee."

"Wakiuliza nani katoboa, sema Mkuu. Wewe hii hukuishika."

Alitoboa, akapaka rangi ukingo wa tundu usishike kutu. Chilewa alipanda Kibakwe na kurudi, na kompresa haikutikisika.

Mkuu alipunguzwa kabla ya mvua za mwaka ule. Nilimfuata kwake Mkonze, nikamwamkia, nikamwuliza kama ni kwa ajili ya lile tundu.

"Maswali yako hayaishi," alisema. "Ile kompresa inajaza?"

"Inajaza, Mzee."

"Basi. Karibu ugali."

Baadaye nilihamishiwa Kondoa, kisha Mpwapwa, nikawa mkuu wa karakana mimi mwenyewe, na sasa nimestaafu. Mafundi vijana wananiita niwaonyeshe rilei na fyuzi, nami nawaambia waulize kila kitu bila aibu. Mimi niliuliza maisha yangu yote. Swali lile la Mkonze pekee sikulirudia, kwa sababu niliogopa jibu lake, na Mzee ameshakwenda nalo.