Kumsomea Mwalimu Faili la Seva

Aliyenifundisha kazi ya kompyuta, katika hoteli moja ya Galu, alikuwa mzee kutoka Kitui. Nilimwita mwalimu, naye akaniita mama. Kwa miaka sita tulifanya kazi katika chumba kimoja nyuma ya dobi, joto la pasi likipenya ukutani. Kisha ugonjwa wa sukari ukamharibia macho, akarudi kwao.

Miezi michache baadaye seva, kompyuta kuu ya hoteli, ikaanza kuanguka. Wageni wamejipanga mapokezi, mara inazimika, inajiwasha tena, na haiachi dalili yoyote. Nilikuwa nimetenga sehemu ya kumbukumbu yake kwa ajili ya kerneli ndogo, yaani kiini cha akiba cha mfumo, ile inayoamka kerneli kubwa inapokufa, ili inakili kwenye faili hali ilivyokuwa. Lakini kila mara faili lilitoka bovu.

Nikampigia simu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umenikumbuka?"

Nilikuwa nikimkumbuka kila siku, ila sikuthubutu kumwambia. Nikamweleza habari za seva.

"Hiyo ndogo umeiwekea mipaka inapowaka?"

"Mipaka gani? Si nimeshaitengea sehemu yake?"

"Umeitengea, lakini hukuiambia ikae humo. Inaamka, inadhani kumbukumbu yote ni yake, inaandika na kufuta kile ulichotaka ikusomee. Iandikie kwenye amri za kuwashia: tumia kuanzia hapa hadi hapa, basi."

Nikaandika. Siku ya tatu seva ikaanguka tena, na faili likatoka zima. Nililifungua kwa furaha, nisielewe kitu. Nikampigia tena.

"Nitumie nilione," alisema, kisha akakumbuka macho yake. "Basi nisomee."

Nilifunga mlango, nikamsomea mstari kwa mstari, herufi na tarakimu, karibu saa nzima. Nilisikia kuku wa kwao, na mkewe akimwekea kikombe mezani.

"Rudia huo," akasema ghafla. Nikarudia. "Tena, polepole." Nikasoma polepole. "Ni dreva, ile programu inayoendesha kadi ya mtandao. Inaandika kwenye sehemu ya kumbukumbu ambayo imekwisha kuiachia. Ibadilishe."

Niliibadilisha siku ile ile, na seva haijaanguka tena. Meneja aliponishukuru nilimwambia kazi ni ya mwalimu. Meneja ni mgeni kazini hapa, hakumjua.

Bado nampigia kila Ijumaa baada ya sala. Tunajuliana hali, namuuliza dawa, ananiuliza wanangu, halafu maneno yanatuishia. Kuna siku naitazama seva ikienda vizuri, natamani iharibike kidogo tu.

Juzi nilimwambia hivyo. Alicheka hadi akakohoa.

"Kwani lazima iharibike? Nisomee chochote, mama. Hata chakula cha leo."

Nikatoka hadi jikoni na simu mkononi, nikabandua karatasi ya chakula cha mchana ukutani, nikaanza na supu.