Wiki Nane Bila Samaki

Masikio ya Chausiku yalinuka uji uliochacha. Harufu ilitangulia, paka akafuata. Ukiwa chumbani ulijua kafika ukumbini kabla hujamwona. Kisha ungesikia kichwa kikitikiswa, pwa pwa pwa, na uchafu mweusi kama mashapo ya kahawa ukaruka hadi ukutani. Nilikuwa darasa la tano, nyumbani kwa bibi yangu huko Mabawa, na kwa kuwa sikuwa na mguu wa mpira wala ulimi wa barazani, paka yule ndiye aliyekuwa rafiki yangu wa pekee. Wenzangu waliniita mwali kwa kukaa ndani. Sikubisha, ingawa mwali angalau iko siku hutolewa nje.

Sikio likipona, baada ya siku chache linarudia. Tulisafisha kwa pamba, tukatia dawa ya matone, nami nikavuna mikwaruzo ya kutosha kuchora ramani ya mkoa mzima. Mara ya nne bwana mifugo alipokuja na baiskeli yake, alimchungulia, akasema huenda chanzo ni chakula, na huenda chakula chenyewe ni samaki. "Wiki nane asionje samaki. Wala dagaa, wala mchuzi wake. Mpeni nyama ya mbuzi tupu, tuone. Tukiendelea hivi atakuwa kiziwi." Bibi akamkodolea macho. "Mwanangu, hapa Tanga. Mbuzi sisi wenyewe tunaonana naye Idi kwa Idi."

Lakini mbuzi alikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa mtaa. Kwetu paka ana jina nyumba moja na sahani nyumba saba. Akikutazama unakula, unamtupia, maana kumnyima mwenye macho ni kujitafutia maradhi. Nikaandika kwenye kipande cha boksi NISIPEWE SAMAKI, nikamfunga shingoni. Jirani yetu Bi Mwanaidi, aliyekuwa akikaanga samaki kibarazani kwake, akakisoma kwa sauti, akacheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Mjukuu wangu, paka huyu kafunga au kaposwa?" Kisha akamtupia kichwa cha changu, cha kumpa pole.

Ndipo nikamfungia ndani, nami nikajifungia naye. Siku ya kwanza aliinusa nyama ya mbuzi akageuka. Siku ya pili hakuinuka hata kunusa. "Paka asiyekula hana siku nyingi," Bibi akasema, akaenda zake kuswali. Nikaingiwa na hofu. Nikachukua dagaa wawili wakavu, nikawatwanga kinuni, nikanyunyiza juu ya nyama kidogo tu, kiasi cha chumvi. Akala, akaramba sahani. Nikajiambia kesho nitapunguza. Kesho ikawa wiki, wiki zikawa nane.

Masikio hayakupona. Bwana mifugo akauliza kama yupo aliyempa samaki. Bibi akanyoosha kidole kibarazani kwa jirani: "Muulize yule. Dirisha letu halimshindi." Bi Mwanaidi akaapa kwamba tangu kile kichwa cha changu hajampa hata mwiba. "Basi si samaki," bwana mifugo akasema, akifunga mkoba wake. "Mimi sina jingine." Bibi hakumwamini jirani, na Ramadhani ile ikapita bila sahani ya futari kuvuka kati ya nyumba zetu. Mimi nilikuwa pale mlangoni, nimempakata paka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wakasahau kutaja kwamba huenda ni wewe mwenyewe uliyeivaa nguo. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nikimwita Chausiku, naye ameketi ananipa mgongo, hageuki. "Sikio la kufa halisikii dawa," Bibi akasema, na hakuwa anatania.

Bibi na Bi Mwanaidi wote wametangulia mbele ya haki, na hawakuwahi kupatana sawasawa. Nyumba ni ile ile, na mwali ni yule yule, ila sasa ana mvi. Siku hizi kuna duka la dawa za mifugo barabarani, chakula cha paka kinauzwa kwenye mifuko, na daktari unampata kwa simu. Nina paka mwingine, naye juzi kaanza kutikisa kichwa. Daktari kasema wiki nane bila samaki, nikamjibu sawa, daktari, kwa sauti ya mtu mzima. Leo ni siku ya pili. Kagoma kula, kakaa mbele yangu ananitazama. Kinu kile bado kipo jikoni, na mimi najijua.