Simenti Kwenye Msikiti wa Ami Seif

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali, mwanangu, nimeshika ngazi chini ya ukuta wa kanisa katika kijiji kimoja cha Uingereza, na juu ya ngazi yuko bibi wa miaka sabini na ushei anakwangua ukuta kwa kisu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimepelekwa kusomea ujenzi, nikapanga chumba kwa bibi huyo, jina lake Joan, naye ndiye aliyekabidhiwa kulitunza kanisa la kijiji. Mimi Mwislamu, mtoto wa Maskati niliyezaliwa Unguja, nilisita hata kulikaribia. Akaniambia, "Ukuta hauna dini. Njoo unishikie ngazi."

Kanisa lile lilikuwa na umri mkubwa kuliko ukoo wangu wote ninaoujua. Lilijengwa kwa mawe na chokaa, sawa na majumba ya kwetu Unguja. Lakini upande mmoja ulikuwa umepakwa simenti, na Joan alikuwa akiibandua kidogo kidogo, kila Jumamosi, mwaka wa nne huo. Alibandua kipande mbele yangu, akaingiza kijiko kwenye jiwe la ndani. Jiwe likamwagika kama unga.

"Simenti haipumui," akasema. "Maji yakishaingia hayana pa kutokea. Aliyeipaka ni baba yangu, na alikuwa na nia njema."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, tena kwa sauti. Nikamuuliza kwa nini wasilivunje wakajenga jipya, lenye madirisha ya maana. Joan akashuka polepole, akanitazama. "Wewe unasomea kujenga," akasema. "Nani anakufundisha kutunza?"

Niliyachukulia kuwa maneno ya bikizee asiye na kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu langu mimi halikuvunjika. Kilichovunjika kilikuwa cha watu wengine, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Nikarudi Maskati, nikapata kazi, nyumba Qurum, na gari la kutembelea. Ami Seif, ndugu yake baba, aliyenilea, alikuwa akiishi Bawshar, kando ya mitende, ubavuni mwa msikiti mdogo wa udongo. Ulijengwa kwa mkono wa babu yake kabla ukoo wetu haujavuka kwenda Unguja. Nyinyi wa leo hamyajui haya. Tuliporejea huku, watu walituita Wazanzibari, wakakicheka Kiarabu chetu, wakatuuliza kwetu hasa ni wapi. Ami hakubishana na mtu. Alimshika mkono muulizaji akampeleka msikitini.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, Ami na wazee wenzake walikanda udongo na majani makavu, wakaukandika ukuta kwa mikono, kisha wakapaka chokaa. Kanzu zao zilichafuka, na wao wakitaniana kama watoto waliotoroka chuoni. Mwaka mmoja wenzangu wa ofisini walipita kwa gari wakawaona. Mmoja akaniambia, "Ami yako anacheza udongo, na wewe injinia?" Niliona haya. Haya ya kipumbavu, mwanangu!

Ami alipokwenda umra, nikaleta mafundi. Siku tano tu, msikiti wote ukavaa simenti, ndani na nje, na rangi nyeupe juu yake. Wapita njia walisimama: "Mashaallah, umekuwa mpya!" Nami kichwa kikavimba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, basi mimi niliziba kila ufa niliouona.

Ami akarudi. Hakunisalimu. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, mwanzo hadi mwisho.

"Umefanya haya kwa idhini ya nani?"

"Nimekupumzisha, Ami. Hutochafua tena kanzu."

"Mie nnakuuliza idhini, wewe unanijibu kanzu," akasema. "Nani kakwambia kama nimechoka?"

Akaingia ndani akasali, na hakulitaja tena jambo lile. Utaniuliza, je, nilimsahau Joan na kijiko chake? Sikumsahau! Nilijiambia kule ni Uingereza, mvua kila siku, na huku Oman mvua yenyewe iko wapi? Hiyo ndiyo elimu niliyokwenda kuitafuta nchi za watu.

Mvua ilikuja mwaka wa tatu, siku mbili mfululizo, mabonde yakajaa. Asubuhi ya siku ya tatu ukuta wa kibla ukaanguka wote. Simenti ilikuwa imebaki ganda tupu, na udongo wa ndani umekuwa uji. Alhamdulillahi, hakukuwa na mtu ndani. Tukaambiwa msikiti uliobaki ni hatari, ukaletewa mtambo wa kuubomoa, na Ami akasimama juani mpaka tofali la mwisho.

Majirani wakauliza imekuwaje. Nikafungua mdomo, lakini Ami akanitangulia. "Mvua," akasema. "Amri ya Mungu."

Mtu ambaye hakuniruhusu uwongo hata wa mzaha, aliusema ule mbele za watu ili mimi nisifedheheke. Na mimi, mwanamume mzima mwenye shahada, nikaitikia kwa kichwa! Ami alifariki mwaka uliofuata. Kule Bawshar mpaka leo wanasema ni mvua. Kila nikilisikia neno hilo najikasirikia upya, na hasira hiyo haizeeki.

Ndiyo maana juzi nilikukatia simu uliponiambia unataka kuibandika marumaru nyumba kongwe ya bibi yako hapo Matrah, naye mwenyewe hujamuuliza. Nisamehe kwa kukata simu. Kwa hasira sikuombi msamaha.

Nakuusia, mwanangu, cha wazee usikiguse kabla hujaiuliza mikono iliyokitunza. Kaa nao, kanda udongo nao, chafua kanzu yako. Usiache mbachao kwa msala upitao. Usione haya kwa kazi wanayoifanya kwa furaha, na nia njema isikutoshe, kwani nia njema nimeiona imeangusha kibla. Na ukiharibu, sema mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla anayekupenda hajakusemea uwongo akafa nao.

Msikiti ule haukuangushwa na mvua. Niliuangusha mimi, nawe una ruhusa yangu kumwambia yeyote atakayekuuliza. Mungu akupe mikono ya kutunza na ulimi wa kukiri, na amrehemu Ami Seif, amsamehe lile neno moja, kwani dhambi yake ni yangu. Amin.