Shikamoo Kutoka Juu ya Mkuyu

Nasema mapema, mtu asije akadhani nimesahau: mtoto wa mbuzi wangu yuko kwenye zizi la shemeji yangu mpaka leo. Ni mweusi, ana doa jeupe juu ya goti la mbele. Nikipita pale namwona, naye anakua.

Mimi na mzee wangu ni watu wa nje. Nyumba tunaitumia kulala na kukwepa mvua, basi. Tangu watoto wetu waoe na kuolewa, kila Jumamosi tunachukua fimbo mbili na kibuyu cha uji, tunapanda vilima vya upande wa Mugumu, tunazunguka, tunarudi jua likiwa limeinama. Mwanzoni kila tuliyekutana naye alikuwa anasimama kutuuliza: "Ng'ombe wamepotea?" Tukisema hatujapoteza kitu, tunatembea tu, mtu anatutazama kama wagonjwa. Kwetu hakuna anayepanda kilima bila kutafuta kitu. Mwishowe mzee wangu akawa anajibu kwamba ndiyo, ndama mmoja amepotea. Mpaka leo kuna watu wanatupa pole ya ndama ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Yeye anapenda ndege na anapenda litungu lake, zeze la kwetu. Analichonga mwenyewe, analivuta nyuzi mwenyewe, na akipata mtu wa kulinunua anasikitika siku mbili. Mimi napenda baiskeli. Nilijifunza nikiwa na wajukuu wanne, nikaanguka mara nyingi, nikacheka mwenyewe kabla hawajanicheka. Kwa baiskeli hiyo napeleka mnadani miche ya miti niliyootesha, na asali. Asali ndiyo iliyoleta maneno.

Tuna mizinga ya magogo kumi na minne, mingi iko kwenye miti ya kilimani, na mmoja uko kwenye mkuyu mkubwa ulio karibu na njia ya malishoni. Zamani mzee ndiye aliyepanda, mimi nikawa chini nashika kamba na kupokea ndoo. Kisha, miaka mitatu kabla ya haya, alianguka kutoka kwenye mgunga, goti likateguka, na mpaka leo halijanyooka vizuri. Msimu wa kurina ukafika, masega yamejaa. Tulisimama chini ya mti tukiangalia juu kama kuku wanaotazama mwewe. Nikamwambia, shika kamba wewe leo. Nikapanda.

Sasa, kwa ukoo wa mume wangu mwanamke hapandi mti wenye mzinga. Paa pia hapandi. Wanasema nyuki watahama na mume atapatwa na balaa. Mimi nikasema balaa limeshampata, liko kwenye goti, na lilimpata akiwa amepanda mwenyewe. Tulikuwa wawili tu pale, akacheka. Akanivua kanga ya kichwani, akanivisha koti lake refu na kofia yake, akanifunga na wavu. Nikadhani ananikinga na nyuki. Mwanamke mzima, nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana, sikujua kwamba koti lile lilikuwa la kunificha kwa watu.

Nikawa narina mimi, msimu baada ya msimu. Narina kwa utaratibu: moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, kidogo kidogo, sega lililoiva nachukua, lenye majana, yaani watoto wa nyuki, naliacha, na nyuki nawabakizia chakula chao. Asali ikawa safi kuliko zamani. Mfanyabiashara mmoja wa Mugumu, Mwislamu mwenye duka la nafaka, ambaye ndiye mnunuzi wetu, alionja kwa kidole akatikisa kichwa.

"Bibi, siku hizi mzee ana mkono mwepesi."

Mzee mwenyewe alikuwa amesimama pale mlangoni. Nikamtazama. Akasema, "Tunajitahidi." Tunajitahidi! Nikanyamaza kwa sababu palikuwa dukani kwa mtu, na kwa sababu nilifikiri njiani ataniambia neno. Njiani alinionyesha ndege.

Basi asubuhi moja, jua halijapata nguvu, niko juu ya mkuyu ule wa njiani. Mzee alikuwa amekwenda nyuma ya kichuguu kuokota kinyesi kikavu cha kuongeza moshi. Nikasikia fimbo inagonga mawe. Ni shemeji yangu, kaka yake mkubwa, anakwenda kuangalia ng'ombe wake. Akasimama chini ya mti, akainua uso, akaona koti na kofia.

"Mura," akasema, na mura ndivyo wanaume wa kwetu wanavyoitana, "goti limepona?"

Ningenyamaza tu yangeisha. Ningekohoa. Lakini mimi tangu nilipoolewa sijawahi kumwona mtu huyu bila kumsalimia kwanza. Nimelelewa hivyo. Nimemsalimia nikiwa na mzigo wa kuni kichwani, nimemsalimia nikiwa na uchungu wa kuzaa. Mdomo ukatangulia.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba," akajibu, akaondoka. Akapiga hatua nne. Nilizihesabu. Halafu akasimama.

Hakugeuka mara moja. Alikaa amenipa mgongo kama mtu anayesikiliza tumbo lake. Kisha akarudi mpaka chini ya mti akasema, "Shuka." Nikamwambia siwezi kushuka sasa, nimeshafungua mzinga. Akasema maneno ambayo siyaandiki.

Jumapili ya wiki ile ile, tukiwa tumetoka kanisani, wakaja watatu: yeye na wazee wawili wa ukoo. Wakakaa kwenye vigoda mbele ya zizi. Nikawapa uji wa ulezi wenye asali, maana mgeni ni mgeni hata akija kukushtaki. Mmoja wao akaomba bakuli la pili. "Uji huu una asali nzuri," akasema. Nikamtazama mzee wangu. Yeye akatazama goti lake.

Shemeji akaanza. "Mwanamke amekaa juu ya kichwa cha mwanamume."

"Nilikuwa juu ya nyuki," nikasema. "Mwanamume alikuwa nyuma ya kichuguu."

"Mama, hatujakuuliza wewe."

"Si mimi niliyepanda?"

"Ndiyo maana hatukuulizi."

Sasa jamani, hesabu hiyo mimi nimeishia darasa la tatu, labda inafundishwa la nne. Wakaongea wao kwa wao. Wakasema kupanda mara moja ni bahati mbaya, inasafishika. Mara moja! Wakaamua atolewe mbuzi jike wa kusafisha mti, mimi nisisogelee mizinga tena, na vijana wa shemeji, wanaume wenye ndevu, waliokwishaoa, ndio watakaorina kwa niaba ya baba yao mdogo aliyeumia.

Nikangoja mume wangu aseme. Palikuwa na kitu kimoja tu cha kusema, na kilikuwa kifupi: kwamba hii siyo mara moja, ni miaka mitatu, na nyuki hawajahama, na asali mnayoilamba sasa hivi kwenye mabakuli ni ya mkono wa huyu. Nikangoja. Akasema:

"Nimesikia, kaka. Mbuzi nitaleta."

Hakuwa hata na mbuzi. Mbuzi walikuwa wangu, nilinunua kwa miche. Akamchukua yule mwenye mimba, akamvuta kwa kamba mpaka kwa kaka yake. Nikasimama mlangoni nikamtazama anavyochechemea.

"Ni mbuzi tu," aliporudi akaniambia. "Tunanunua amani."

"Aliyelipa faini amekiri kosa," nikamwambia. "Wewe umekiri kwa niaba yangu. Ungekiri la kwako."

Jumamosi hiyo sikutembea. Na iliyofuata. Alichukua fimbo yake akafika mpaka kwenye kisima akarudi, maana kilima peke yake hakikuwa na ladha, ndivyo alivyosema. Jioni akatoa litungu nje akaanza kupiga. Nikamwambia akampigie kaka yake.

Halafu wakaja wale warinaji halali. Wawili. Walikuja mchana, jua linawaka, wakiwa wametokea kwenye pombe. Moshi hawakuutaka. Walifunga nyasi kavu wakafanya mwenge, wakauchomeka kwenye mdomo wa mzinga. Nikasimama mbali, kwa sababu nimeshakatazwa kusogea, nikasema, "Wanangu, mnaunguza." Mmoja akanijibu, "Mama Mdogo, hii ni kazi ya wanaume." Wakakata kila kitu, sega na majana na chakula cha nyuki, wakatia vyote kwenye ndoo moja. Mizinga mitatu walifanya hivyo. Wa nne nyuki wakawashukia, wakakimbia wakaacha ngazi yetu. Nilipokwenda kuiokota, nyuki waliokufa walikuwa wamelala chini kama ulezi ulioanikwa. Mmoja wa mizinga mitatu ulikuwa bado unawaka kwa ndani.

Mimi silii ovyo. Siku ile nilikaa chini ya ule mti nikiwa na hasira. Nyuki wamehama kweli sasa. Wamehamishwa na wanaume, na hakuna aliyeitisha kikao.

Mzee akaja akakaa karibu. Akaokota nyuki mmoja, akamweka kwenye kiganja, akamgeuza.

Siku ya mnada tukapakia kile kilichopatikana. Nilisukuma baiskeli, yeye akatembea nyuma. Yule mwenye duka akafungua ndoo, akainusa, akachovya kidole, akatema pembeni.

"Shikamoo bibi. Samahani. Nani karina hii?"

Nikasema, "Marahaba. Muulize mzee, ndiye mwenye mkono mwepesi."

Dukani walikuwepo watu watatu wanapima mtama. Mzee wangu alivua kofia. Nilijua anavyovua kofia akiwa anaingia kanisani, sikuwahi kumwona akiivua dukani.

"Hii wamerina watoto wa kaka yangu," akasema. "Zile zote nzuri ulizonunua tangu nianguke, amerina huyu. Mimi nashika kamba."

Yule mtu akanitazama mimi, akatazama ukubwa wangu, akatazama baiskeli. "Bibi unapanda mti?"

"Mti hauulizi," nikasema. Mmoja wa wapima mtama akacheka mpaka akamwaga debe.

Tukarudi na ndoo yetu. Mahali njia inapogawanyika, mzee hakushika ya nyumbani. Akashika ya kwa kaka yake, na goti lile, bila kuniangalia kama nafuata. Nikafuata.

Shemeji alikuwa zizini. Nikamsalimia, akaitikia. Mbuzi wangu alikuwa pale, hawakumchinja kwa sababu ya mimba, walikuwa wanamngoja azae, naye alikuwa amezaa mapacha.

"Kaka, nimefuata mbuzi," mzee wangu akasema.

"Mbuzi gani?"

"Wa faini. Kosa halikuwepo."

"Tulikaa kikao, ukakubali."

"Nilikubali ili uongo wangu usijulikane. Mura, miaka mitatu unakula asali aliyorina mke wangu. Ile uliyomimina kwenye pombe ya kumwozesha binti yako, ni yake. Ile uliyopaka kwenye kidonda cha mguu, ni yake. Umepatwa na balaa gani?"

Shemeji akamnyooshea fimbo. "Ulisema umerina wewe."

"Nilisema. Kama kuna faini ya kusema uongo, itoke kwenye kuku wangu mimi. Mbuzi ni wa huyu."

Mimi nilikuwa nimeshika baiskeli. Nilingoja neno hilo siku nyingi, na lilipokuja nikawa kama mtu aliyeshusha gunia. Hata hivyo sikumwonyesha. Angeridhika mapema.

Shemeji alizunguka zizi mara moja, anagonga nguzo kwa fimbo. Kisha akasema, "Mchukueni. Lakini amezaa hapa. Amekula nyasi zangu. Mtoto mmoja anabaki."

"Nyasi zako umezipanda lini?" nikamuuliza.

"Mama, sijazungumza na wewe."

"Mbuzi ni wangu. Utazungumza na nani?"

Mzee wangu akanishika mkono, kwa sababu anamjua kaka yake na ananijua mimi. Tukaondoka na mama mbuzi na mtoto mmoja, yule wa kahawia. Mweusi akabaki analia zizini, na mama yake anamjibu njia nzima. Mtu aniambie ni mila gani hiyo.

Mizinga iliyobaki mizima ni kumi na mmoja. Msimu uliofuata nilipanda mkuyu ule ule wa njiani. Koti la mzee niliacha kwenye msumari ukutani. Nilishona langu la kitambaa kizito cha marekani, na juu ya wavu nikafunga kanga yangu nyekundu, anayepita aione kutoka mbali. Mzee alikuwa chini ameshika kamba, na mara hii kinyesi kikavu cha kutosha alikuwa amekiweka tayari, hakwenda popote.

Fimbo ikagonga mawe. Shemeji akafika, akasimama. Akatazama juu, akatazama chini, akamtazama mdogo wake.

Adabu ni adabu. "Shikamoo, Baba Mkubwa," nikasema.

"Marahaba." Akasafisha koo. "Asali ipo?"

"Ipo. Na mtoto wa mbuzi wangu je?"

Akasema ng'ombe wanamngoja, amechelewa, akaondoka. Hatua zake sikuzihesabu, nilikuwa nimefungua mzinga.