Profesa Kratochvil na Tanbihi ya Seng'enge

Kwingine kote mwalimu ndiye anayesahihisha kazi ya mwanafunzi. Kwetu sisi walimu wa sheria wa Marekani mambo yako kichwa chini miguu juu. Ukitaka makala yako ichapishwe, unaipeleka kwenye jarida linaloendeshwa na wanafunzi, na vijana wa miaka ishirini na ushei ndio wanaokuambia kama una akili au huna. Nimewaona maprofesa wenye mvi wakijichekesha mbele yao kama watu waliopeleka posa. Nami nimo.

Wendell Kratochvil, ambaye ofisi yake imepakana na yangu, ni mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa Nebraska. Alikuwa wakili wa mji mdogo, akaja kufundisha ukubwani, mikono bado minene, na akimaliza somo hufuta ubao kama anayesugua farasi. Wanafunzi wanampenda, jambo ambalo kwetu halimsaidii mtu. Chuo humjaribu mwalimu miaka sita, kisha kamati hupiga kura: abaki daima au afungashe virago. Kura ya Wendell ilikuwa inakaribia, na kamati ilitaka makala moja zaidi.

Aliipeleka kwenye majarida kama mia, ndivyo tufanyavyo sote. Moja tu lilikubali.

Makala ilihusu uzio. Huku kwetu Nebraska wenye mashamba yanayopakana hawamwiti mpima ardhi. Hukutana katikati ya uzio, wakatazamana uso kwa uso, seng'enge ikiwa kati yao, na kila mmoja huchukua nusu iliyo kulia kwake, aitengeneze maisha yake yote. Wendell alidai kwamba kila mtu akiijua nusu yake, mahakama zitaota nyasi. Akafungua hivi: "Baba yangu Emil na jirani yake Orville Tietz waligawana uzio, na tangu siku hiyo kila mmoja alitunza nusu yake kwa amani."

Mhariri wake alikuwa binti mmoja, Tamsin Oyler, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Tanbihi, yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, alizipenda kuliko chakula. Alikuwa ameshadai chanzo cha sentensi isemayo ng'ombe hula nyasi, na Wendell, bila aibu, akatafuta kijitabu cha serikali kinachothibitisha. Asubuhi moja nikamsikia binti huyo kwenye simu, maana ukuta wetu ni mwembamba na Wendell hupenda kuongea kwa spika.

"Shikamoo Profesa. Sentensi ya kwanza haina tanbihi."

"Huyo ni baba yangu, binti."

"Naelewa. Chanzo ni kipi?"

"Chanzo ni mimi! Nilishika koleo, yeye akakaza waya."

"Mwandishi hawezi kuwa chanzo chake mwenyewe, Profesa. Kanuni."

"Kwani baba yangu alizaliwa na tanbihi?"

"Cheti cha kuzaliwa kipo?"

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Wendell hakucheka. Binti akamwambia kwamba mahojiano na mtu mwingine aliyekuwepo yangekubalika, na mtu mwingine alikuwa mmoja tu, Orville Tietz. Huyo hakuwa ameongea na akina Kratochvil tangu Emil alipofariki, kwa kuwa hakutia mguu mazikoni, na mama yake Wendell aliapa kutomtamkia neno tena. Mama huyo alikufa bila kulitamka.

Wendell aliniomba nimsindikize, eti niwe shahidi. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Mzee Tietz alitufungulia mlango akiwa amepinda, kidevu karibu na mkongojo.

"Mtoto wa Emil," akasema. "Umenenepa."

"Na wewe mzee umefupika."

"Ingieni, msinipotezee joto."

Alitumiminia kahawa nyepesi hata ungesoma gazeti lililo chini yake. Wendell akamwekea sentensi yake mezani. Mzee aliisoma, akairudia.

"Uongo," akasema.

"Hamkugawana?"

"Tuligawana. Tena tulikuwa tunashindana nani kakaza zaidi. Halafu wewe ukaenda zako chuoni, mimi nikaanguka kutoka juu ya ghala la mahindi, mgongo ukavunjika. Nilivyotoka hospitali nikakuta nusu yangu imekazwa. Nikajua ni kwa mwaka huo tu. Mwaka uliofuata akakaza tena, na uliofuata, mpaka anakufa. Hakusema neno."

"Nawe hukumshukuru?"

"Ningeanzia wapi? Nikimwona kule na koleo lake, nashusha pazia. Alivyozidi wema ndivyo nilivyozidi kumkwepa. Siku ya mazishi nilivaa suti. Nikakaa hapo ulipokaa wewe, nikayatazama magari mpaka yakaisha. Niliona aibu, kijana. Hiyo tu."

Njia nzima ya kurudi Wendell alifoka. Alimfokea marehemu baba yake kwa kufanya siri, akajifokea mwenyewe kwa ujuaji. Amani ya uzio ule haikuletwa na kila mtu kutunza nusu yake. Ililetwa na mtu mmoja aliyetunza zote mbili.

Alimpigia simu Tamsin tukiwa bado garini.

"Nataka kubadilisha hoja yote."

"Makala ikishakubaliwa hoja haibadiliki, Profesa. Ila hongera, chanzo tumepata!"

"Chanzo kinasema sentensi ni uongo!"

"Hakuna shida. Kwenye tanbihi tunatanguliza 'kinyume chake, tazama', na sentensi inabaki."

"Wewe binti, unajisikia unachosema?"

"Unaweza kuiondoa makala, Profesa. Ni haki yako."

Kuiondoa kulikuwa ni kuaga kazi, na sote watatu tulilijua hilo. Nilimwonea huruma, na nikaona aibu kwa kazi yetu nzima. Kisha binti akasema, polepole, "Lakini tanbihi haina kikomo cha urefu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ila nitahakiki kila neno."

Basi Wendell aliandika. Mwanguko, pazia, suti, na kwamba mwandishi alikosea na msomaji asiiamini hoja yake. Ilipochapishwa, juu ya ukurasa palikuwa na mstari mmoja wa makala, na chini yake herufi ndogo kama sisimizi hadi mwisho, zikaendelea ukurasa wa pili na wa tatu. Kamati ilifurahi mno. Mwenyekiti aliupima uzito wa jarida kiganjani, akasifu "utafiti uliokwenda chini kabisa". Walimpitisha kwa kauli moja, kisha mmoja wao akamuuliza Wendell kama baba yake bado anafuga.

Jumapili tukampelekea Mzee Tietz nakala yake. Hakuifungua.

"Najua yaliyomo. Yule binti alinipigia simu kuhakiki. Mstari kwa mstari! 'Mzee Tietz, ni kweli ulivaa suti?' Kweli. 'Ni kweli ulikaa ukatazama magari?' Kweli. Mwisho akaniuliza, 'Ulitaka kwenda?'"

"Hilo halimo kwenye tanbihi," Wendell akasema.

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema anajua, anauliza tu."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika watu wote wa pande hizi, akiwemo mchungaji na hao akina Kratochvil, aliyeuliza ni yule mtoto wa tanbihi peke yake.

"Ukamjibu nini, mzee?"

Alihangaika kidogo na mkongojo wake. "Nikamwambia ndiyo. Nilitaka sana."

Wendell akainuka, akachukua koti la mzee msumarini, akamshikia mkono mmoja aingize, kisha wa pili. Mimi nikatangulia kuwasha gari, nikaligeuza lielekee makaburini.