Bweni Lililonyimwa Kura

Mbunge wetu ni mtoto wa binamu yangu, mtu wa swala tano na mwenye sauti ya upole. Muhula wake wa kwanza ulipokaribia kwisha, niliketi nyumbani kwangu Garissa nikasoma kumbukumbu rasmi za Bunge, nikitafuta alivyopiga kura katika kila hoja ya elimu. Mabweni ya wasichana wa wafugaji aliyakataa, kwa kuwa binti hapaswi kulala mbali na wazazi. Walimu wa kuhamahama na familia za wafugaji akawakataa pia, kwa kuwa wangekuwa wageni wanaolala jirani na mabinti. Sababu ya kwanza niliiheshimu. Sijawahi kuwa mtu wa kulegeza maadili. Ila ukiziweka zote mbili pamoja, mtoto wa mfugaji habakiziwi mlango wowote.

Dada yangu anafuga ngamia upande wa Modogashe. Binti yake alikuwa akisubiri mojawapo ya mabweni hayo, kwani kwangu mjini hapakuwa na nafasi ya kumpokea: watoto wa ndugu walikuwa tayari wakilala hadi ukumbini.

Kabla ya uchaguzi, wazee wa ukoo hukutana kumteua mgombea. Wakishamsomea Fatiha, kumpinga ni kuupasua ukoo. Safari hii, mbunge mwenyewe akiwapo, nilisimama, nikaeleza niliyoyasoma. Mzee mmoja akanitania kwamba vitabu vimenisahaulisha kutofautisha ngamia dume na jike. Wakacheka. Mbunge hakucheka.

“Adeer,” aliniambia, kama mtu anavyomwita ami yake, “kura hizo si zangu. Kabla ya kila moja nilikuja kuwauliza wazee hawa. Waulize wewe walinijibu nini.”

Niliwatazama. Hakuna aliyekana, wala hakuna aliyeona haya. Nilikuwa nimekuja kumshtaki mtu mmoja, kumbe nilikuwa nikiwashtakia waliotoa amri. Mzee yule wa utani akainua viganja, Fatiha ikasomwa, chai ya maziwa ya ngamia ikaletwa.

Jioni dada yangu alipiga simu kuuliza kama wazee wamelitaja bweni. Nikamwambia wamemteua yuleyule. Nyuma yake nikasikia binti akiwaita ngamia.

“Lile sanduku la bati tulilomnunulia la kwenda nalo bwenini,” alisema, “basi nitahifadhia sukari. Sisimizi wametuzidi.”