Nilivyorekodi kwaya ya baba mkwe kwa bitrate ya msomaji wa habari

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sijaongeza, ilikuwa imo tayari. Wanaojua mambo ya TV card watanielewa haraka, wasiojua nitawaeleza taratibu.

Naishi Igoma hapa Mwanza, natengeneza kompyuta. Najua mtanicheka kwamba zama hizi bado natumia TV card ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani. Nachukua waya kutoka kwenye king'amuzi, naingiza kwenye card, nabonyeza, kipindi kinarekodiwa. Cheka tu. Vituo vya huku vikirusha kitu mchana, jioni hukipati popote, hata YouTube hakipo. Mtaani kwetu mtoto wa mtu akionekana TV sekunde kumi, wanakuja kwangu.

Sasa, nina mchumba, tumwite Koku. Mhaya, kakulia hapa hapa Mwanza. Mimi Msukuma wa Magu. Baba yake ni mwalimu mstaafu na ndiye anayefundisha kwaya kanisani kwao, na Koku mwenyewe anaimba humo. Kila mtu anamwita Mwalimu, mpaka mkewe. Mzee mpole, hana makelele, lakini ukikaa naye dakika mbili unajikuta umenyoosha mgongo bila kuambiwa.

Washenga wangu walikuwa waende kwake Jumamosi. Mwalimu alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, alisema tu "tutaona".

Jumapili kabla ya hiyo Jumamosi, kwaya yake ikapata nafasi ya kuimba live kwenye kituo kimoja cha TV, kipindi cha masaa mawili. Na ukiwa studio unaimba, huwezi kujiona. Ndipo Mwalimu akaniita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nasikia unarekodi televisheni."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sisi tukitoka studio tunakuja moja kwa moja hapa nyumbani, kwaya yote, tujiangalie. Utuwekee humu."

Akatoa flash mfukoni, imefungwa kwenye leso. Akanikabidhi kwa mikono miwili, na mimi nikaipokea kwa mikono miwili.

"Humo kuna vitu vyangu. Usifute kitu."

Jioni yake Koku akanipigia. "Baba amesema hapo ndipo atakuona wewe ni mtu wa namna gani. Tafadhali."

Nikachomeka flash. GB mbili, zile za kugawiwa kwenye semina. Nafasi iliyobaki ni kama robo tu ya hapo, MB mia tano hivi. Nikafungua nione kimejaa nini.

Ndizi, wakuu.

Mzee ana shamba la migomba Kagera, na alilipiga picha lote. Mkungu mmoja umepigwa mbele, nyuma na ubavuni. Kila picha imeshiba kwelikweli. Ndizi zimekaa kwa nafasi, mimi natakiwa kuipanga kwaya nzima kwenye kibaraza kilichobaki.

Kwa wasiojua: bitrate ni kiasi cha data ambacho video inapewa kila sekunde. Ukiiweka juu, picha inapendeza ila faili linakuwa kubwa. Ukiishusha, faili linapungua ila picha inabaki na njaa, inaharibika. Ni kama mboga. Sato mmoja kwa watu watatu wanashukuru. Dagaa mmoja kwa watu watatu hapo umewatukana. Kwa kiwango changu cha kila siku, masaa mawili yanakula kama GB saba. Mimi nina MB mia tano.

Najua wenye akili mmeshaanza kupiga kelele. "Rekodi kwenye hard disk kwa ubora wa juu, halafu punguza kopi baadaye." Najua. Lakini kompyuta yangu ni ya kizee, kuconvert, yaani kulipunguza faili la masaa mawili, inatoboa mpaka kesho yake, na kwaya ingekuwa imeshakaa sebuleni inanisubiri.

"Si ungemwambia tu flash imejaa, upeleke yako?" Hilo nalo najua. Ila wewe hujaoa, baba mkwe kakupa chombo chake kwa mikono miwili, unamrudishia unamwambia ni kidogo? Kwetu sisi mkwe hajibiwi hivyo. Kwao sikujua ikoje, nikaona nisijaribu.

Nikashusha bitrate.

Ila sikufanya kienyeji, nilijaribu kwanza. Nikarekodi taarifa ya habari kwa kiwango kile kile. Ikatoka safi kabisa. Mtangazaji unamuona mpaka kola ya shati. Nikajipongeza, nikala ugali wangu nikalala.

Kosa lilikuwa hapo, wakuu. Msomaji wa habari hatikisiki. Ukuta nyuma yake ni ule ule, koti ni lile lile, kinachocheza ni mdomo tu. Picha ikitulia, bitrate ndogo inatosha. Kwaya haitulii. Kwaya inayumba kushoto, inayumba kulia, inapiga makofi. Na hii ilikuwa imeshona kitenge kipya cha maua madogo madogo.

Jumapili nikarekodi moja kwa moja kwenye flash. Kwenye kioo cha kompyuta kila kitu kilipendeza, nikamuona Koku mstari wa pili anang'aa, nikasema huyu ndiye. Nilisahau kwamba kile kioo kinaonyesha kinachoingia, hakionyeshi kinachoandikwa.

Kipindi kikaisha, nikachomoa flash, bodaboda mpaka kwa Mwalimu. Sikukagua kitu. Nilikuwa na furaha ya kijinga.

Sebule ilijaa kwaya na vitenge vyao. Waliokosa viti wakakaa chini, wengine wakasimama dirishani kwa nje. Mwalimu akachomeka flash kwenye TV mwenyewe.

TV ikaanza na ndizi. Zinang'aa, unaweza kuhesabu madoa. Watu wakasifia ndizi kwa heshima. Kisha akafungua video.

Mtangazaji akatokea, safi. Makofi. Kwaya ikapangwa imesimama wima, safi. Vigelegele. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akaniambia Mungu akubariki.

Halafu wakaanza kuyumba.

Wakuu, ile kwaya iligeuka vigae vya bafuni. Vigae vya njano, vigae vya kijani, na juu yake vigae vya kahawia ambavyo ndivyo nyuso za watu. Kila wakipiga makofi vinamwagika upande mmoja, vinarudi. Hakuna mwenye pua.

Yule mama aliyenibariki akanyoosha kidole. "Yule ni mimi. Mkono wangu naujua." Mwingine akamkatalia, mkono ule ni wa kwake. Wawili wa sauti ya tatu wakaanza kugombea kigae kimoja. Koku alikuwa ameinamisha kichwa, nikaelewa kwamba mchumba wangu ananiaga.

Sauti lakini ilikuwa nzuri mno. Sauti ina bitrate yake pembeni na sikuigusa. Ukifumba macho ulikuwa uko studio.

Mwalimu akasimamisha video.

"Kijana. Kwa nini picha iko hivi?"

Pembeni yake alikaa mdogo wake, Ta Justini (hiyo "Ta" ni heshima ya Kihaya kwa mwanaume), kiongozi wa besi, ile sauti nzito ya chini, mtu wa kifua. Akanionea huruma. "Labda ni hali ya hewa, kaka. Mvua ya huku ziwani inasumbua mitambo."

Kamba ile nilitupiwa bure na niliitamani. Lakini nilimwangalia Mwalimu usoni nikashindwa. Nikamweleza yote. Flash, ndizi, bitrate, msomaji wa habari.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo uliogopa kuniambia flash imejaa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Siku binti yangu akiumwa huko kwako, utaniambia? Au na hiyo utapunguza?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na sebule nzima ilikuwa inaniangalia.

Akasema, "Basi niambie kitu kimoja sasa hivi, ambacho unaogopa kuniambia."

Nikafikiri. Nikaona sina cha kupoteza tena.

"Mwalimu, wimbo wa tatu besi waliingia wamechelewa. Na sauti yao ikashuka."

Ta Justini akageuka na kile kifua chote.

Mwalimu akarudisha video mpaka wimbo wa tatu. Tukasikiliza. Walichelewa. Akarudisha tena. Walichelewa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso kufuta macho. "Tangu mazoezi yaanze nawaambia hawa watu, wananibishia!" Akanigeukia. "Jumamosi watu wako waje."

Ndiyo hivyo, wakuu. Nilichojifunza: rekodi kwa ubora wa juu kadiri hard disk inavyoruhusu, kupunguza ni baadaye. Ukishapunguza hakuna programu ya kurudisha pua za watu. Jaribu kwa kitu kinachofanana na utakachorekodi, kwaya ujaribu kwa kwaya. Na flash ya mkwe ikijaa, mwambie imejaa.

Jumamosi washenga walienda, wakakubaliwa, nina furaha. Ila msemaji wa ukoo wao siku hiyo alikuwa Ta Justini. Washenga wangu waliingia asubuhi, wakatoka giza linaingia, mmoja sauti imekauka kabisa. Anasema hajawahi kuulizwa maswali mengi namna ile, na yote kwa sauti ya chini sana.

Nyie mliwahi kuharibu nini mbele ya wakwe? Funguka hapa. Na waimba besi mkija kwenye huu uzi, naomba mje kwa amani.